Ryzen 5 2600 na GTX 1060: nianze kubadilisha nini ili Folding@home na BOINC ziende kasi?

Mchanga_wa_Pwani

Wakuu, habari za jioni. Nina kompyuta ya gemu ambayo kutwa inakaa bure, nimeiweka kwenye miradi ya kujitolea ya kukokotoa. Ndani kuna Ryzen 5 2600, bodi ya B450 ya bei ya chini (haina vipoza joto kwenye sehemu ya umeme wa prosesa), RAM GB 8 DDR4-2400 kijiti kimoja, GTX 1060 ya GB 6, na pawa saplai iliyoandikwa "500W". Windows. Niko Dar, natumia Luku (umeme wa kulipia kabla), chumba hakina AC.

Folding@home (inaigiza mwendo wa molekuli za protini) inatumia GPU, yaani kadi ya picha, na prosesa. Wakati huohuo BOINC, programu inayobeba miradi mingi ya sayansi, inaendesha Rosetta@home (protini) na Einstein@Home (ishara kutoka angani). Gemu hazina shida yoyote, ila huku mambo matatu yananisumbua: pointi za Folding ni ndogo mno ukilinganisha na wenye kadi kama yangu, kazi za Rosetta mara kwa mara zinasema zinasubiri kumbukumbu, na kila wiki kazi mbili tatu za GPU zinakufa katikati na ujumbe wa kosa BAD_WORK_UNIT. Kadi imeongezwa kasi kiwandani, na juu yake nimeongeza tena kidogo kwa MSI Afterburner.

Bajeti inatosha kitu kimoja kikubwa na vidogo viwili. Nilikuwa nawaza Ryzen 9 5950X. Mnasemaje?

NyuziKumi

Mkuu, usinunue kitu bado. Hapo una programu mbili zisizojuana, kila moja inadhani mashine ni ya kwake peke yake. Folding imetwaa karibu nyuzi zote 12 za prosesa (njia zake za kufanya kazi sambamba), BOINC nayo imetwaa hizohizo 12. GPU ya Nvidia kwenye Folding inahitaji uzi mmoja mzima wa prosesa wa kuilisha. Uzi huo ukibanwa na Rosetta, GPU inakaa inasubiri chakula. Fungua Task Manager uangalie: kama matumizi ya GPU yanapanda na kushuka badala ya kutulia juu ya asilimia 90, tatizo ndilo hilo, na hata RTX 4090 ingesubiri vilevile.

Gawa hivi. Folding@home iachie GPU tu, idadi ya prosesa weka 0. BOINC iachie Rosetta, na izuie isiguse GPU. Kisha kwenye BOINC kuna asilimia ya idadi ya prosesa. Unataka nyuzi 10 kati ya 12, ambayo ni 83.3, ila ukiandika 83 inakata desimali na kukupa 9. Andika 84. Ile asilimia nyingine ya muda wa prosesa iache 100. Ukiishusha, kazi zinasimama na kuanza kila baada ya sekunde chache, na joto la chipu linapanda na kushuka bila sababu.

Kama siku nyingine utataka Folding itumie prosesa badala ya Rosetta, ipe nyuzi 10, siyo 11. Kazi zake za prosesa zinaendeshwa na GROMACS, ambayo inakata molekuli vipande na kumgawia kila uzi chake. Namba tasa kubwa kama 7, 11 na 13 hazigawanyiki vizuri, na kazi nyingine zinakataa kabisa kuanza.

Sasa pointi. Una passkey, ule ufunguo wa siri unaokutambulisha kwenye Folding? Bila hiyo hupati bonasi ya kurudisha kazi haraka. Ukishaiweka, unatakiwa umalize kazi 10 kwa passkey hiyo na kiwango chako cha kufaulu kisishuke chini ya asilimia 80. Hizo BAD_WORK_UNIT zako zinakula kwenye hiyo 80.

Bonasi inategemea kipeuo cha pili: pointi za msingi mara kipeuo cha pili cha (k × muda wa mwisho ÷ muda uliotumia), k ikiwa namba iliyopangiwa kila mradi. Ndiyo maana kadi yenye kasi mara mbili haileti pointi mara mbili kwa siku, inaleta karibu mara 2.8. Na saa inaanza kuhesabu pale kazi inaposhushwa, siyo pale GPU inapoanza kuigusa. Mtu anayesimamisha kazi asubuhi na kuiendeleza usiku anajikata bonasi mwenyewe. Kama huendeshi saa 24, tumia Finish badala ya Pause: inamaliza kazi iliyopo, inaituma, haichukui nyingine.

MzeeWaVolti

Naongezea kwenye BAD_WORK_UNIT maana hapo watu wengi wanabishana na programu bure. Gemu ikikosea hesabu moja, unaona nukta moja ya rangi isiyo yake kwa sehemu ya sekunde, au huoni kitu. Kwenye Folding hesabu ileile inaingia kwenye mwendo wa atomu, hatua inayofuata inajengwa juu yake, na baada ya hatua kadhaa atomu zimeruka nje ya boksi. Kwenye logi utaona inasema hali ni mbaya, inarudi kwenye nukta ya mwisho iliyohifadhiwa. Ikirudi mara chache bila mafanikio, inaitupa kazi. Kwa hiyo "gemu hazina shida" siyo ushahidi kwamba kadi iko salama.

Ondoa ovakloki yako yote, yaani ile kasi uliyoongeza kwa Afterburner. Kumbukumbu ya kadi irudi ya kiwandani. Kazi zikiendelea kufa, shusha kiini MHz 30 chini ya kiwandani, subiri siku mbili, kisha 50 ikibidi. Matoleo yaliyoongezwa kasi kiwandani yamepimwa kwa gemu. Kupima kumbukumbu ya kadi tumia memtest_vulkan kwa dakika 30 hivi. FurMark inapasha joto tu, haikwambii kama hesabu ni sahihi.

Hakikisha pia driva imetoka tovuti ya Nvidia yenyewe. Windows Update ikibadilisha driva kimyakimya, mara nyingine inakuja bila OpenCL (sehemu inayoruhusu GPU kufanya hesabu) na BOINC inasema haioni GPU. BOINC iliyosakinishwa kama huduma ya Windows nayo haioni GPU kabisa. Isakinishe upya bila chaguo hilo. Na kwa GTX 1060, tawi la driva la 580 ndilo la mwisho kuitambua.

Kabla ya kufikiria kadi mpya fungua kifuniko, soma kibandiko cha pawa saplai. Usiangalie "500W" kubwa, angalia mstari wa +12V. Zidisha ampia kwa 12. GPU na prosesa vyote vinakula hapo. Gemu inavuta umeme kwa mawimbi, unasimama kwenye menyu, unasubiri ramani ifunguke. Folding inavuta kwa kiwango kilekile saa 24, siku 30. Pawa saplai inayovumilia jioni ya gemu inaweza kufa ndani ya miezi kwenye kazi hii, na zile za bei ya chee zikifa zinaondoka na wenzao.

Dada_Algoriti

Mchanga, 5950X kwenye bodi hiyo achana nayo. Kiwango chake cha umeme kwenye soketi ni wati 142, na bodi isiyo na vipoza joto kwenye sehemu ya umeme itapashwa mpaka ijipunguze kasi yenyewe. Utakuwa umelipia viini 16 ili viende mwendo wa kobe. Ukitaka prosesa, 5700X: viini 8, nyuzi 16, wati 76 kwenye soketi, na L3 (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) MB 32 ya pamoja. 2600 yako ina MB 16 iliyokatwa vipande viwili vya MB 8.

Lakini usianze na prosesa. Chagua mradi kwanza, kifaa kitafuata. Folding@home, Einstein@Home, GPUGRID na sehemu kubwa ya PrimeGrid zinatumia GPU. Rosetta@home na mradi wa mvua za Afrika wa World Community Grid (ulianza 2019 na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft) ni prosesa na RAM tu. GPU ya shilingi milioni tatu haiwaongezei hata kazi moja. MilkyWay@home zamani ilipenda kadi zenye nguvu ya hesabu za biti 64, ila kazi zile za GPU zilifungwa 2023, kwa hiyo ushauri wa zamani wa kutafuta Radeon za mtumba kwa ajili yake umepitwa na wakati. Kadi za gemu za Nvidia ni dhaifu kwenye biti 64 kwa makusudi: moja ya 32 ya kasi ya biti 32 kwa GTX 1060, na moja ya 64 kwa RTX 30 na 40.

Kwa vile umetaja Folding kwanza, mimi ningepanga hivi: pawa saplai kama kibandiko kitaleta habari mbaya, RAM, kisha GPU. Prosesa mwaka mwingine.

RAM kwa nini? BOINC kwa kawaida inaruhusiwa nusu ya kumbukumbu ukiwa unatumia mashine na asilimia 90 ikiwa imepumzika. Nusu ya GB 8 ni 4, na kazi moja ya Rosetta inaweza kula zaidi ya GB 1. Hesabu mwenyewe zinaingia ngapi. Nunua vijiti viwili vya GB 16, DDR4-3200, viwe pacha kwenye pakiti moja. Kijiti kimoja kinatumia njia moja ya kumbukumbu kati ya mbili, yaani nusu ya upana. Viweke kwenye sloti A2 na B2, ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kisha washa XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM) kwenye BIOS, ile programu ya bodi yenyewe. 2600 yako kirasmi inaishia 2933; ikigoma 3200 iweke hiyo, na 3200 itakuja na prosesa mpya. Piga MemTest86 mizunguko minne kabla ya kurudisha BOINC. Hata kosa moja ni kosa.

GPU: GTX 1060 ina viini vya CUDA 1280 na wati 120. RTX 4060 ina 3072 na wati 115, umeme uleule kwa kazi nyingi zaidi. RTX 3060 ya GB 12 ina 3584 na wati 170, na upana wa kumbukumbu GB 360 kwa sekunde dhidi ya 272 za 4060. RTX 4070 ina 5888 na wati 200. Kwenye chumba kisicho na AC na umeme wa Luku mimi nachagua 4060 kwa Folding. Kwa Einstein, ambako kumbukumbu ya kadi inavutwa sana, 3060 ya GB 12 inajitetea, na inakuruhusu kuendesha kazi mbili kwa pamoja. 4060 inatumia njia 8 tu za PCIe (zinazounganisha kadi na bodi), na bodi yako ni kizazi cha 3, lakini hiyo bado inatosha. Kinachoumiza Folding ni kadi kuning'inizwa kwenye vile viunganishi vya njia moja vya wachimbaji wa sarafu.

Kibatari_Mombasa

Natofautiana na dada hapo kwenye 1060. Asiiuze. B450 nyingi zina sloti ndefu ya pili inayopita kwenye chipseti kwa njia 4 za kizazi cha 2. Kwa Folding ni nyembamba, ila Einstein inavumilia. Kadi mpya juu kwa Folding, 1060 chini kwa Einstein, kila moja na uzi wake. BOINC unaielekeza kwa `exclude_gpu` ndani ya faili lake la mipangilio, cc_config.xml, ili isiguse kadi ya juu.

Kwenye Einstein kuna kidude kizuri: kazi za O3AS (za kutafuta mawimbi ya mvutano) zina sehemu zinazokokotolewa na prosesa wakati GPU inakaa bure. Kwenye mipangilio ya akaunti, kile kigezo cha matumizi ya GPU ukikiweka 0.5 zinaenda kazi mbili kwa zamu, moja ikiwa kwenye prosesa nyingine inakula GPU. Mabadiliko yanaanza kazi mpya zikishushwa, usishangae dakika tano za kwanza. Zikianza kukosea kwa sababu kumbukumbu ya kadi imejaa, rudi 1.

MzeeWaVolti

Kibatari, kwenye karatasi ni sawa, kwenye chumba cha Dar hapana. 115 + 120 + prosesa 80 + vingine 40 ni wati 355 kabla ya hasara ya pawa saplai. Ukutani ni kama 410. Wati zote hizo zinatoka zikiwa joto: ni kama pasi iliyowekwa nusu moto, haizimwi usiku wala mchana. Kadi ya chini inapuliza hewa ya moto kwenye tumbo la kadi ya juu, ya juu inajipunguza, na ile kazi yenye bonasi ndiyo inayoumia. Kadi moja inayopumua vizuri ni bora.

Tena GPU mpya iwekewe kikomo. Hizi kadi zinakula umeme mwingi kwa asilimia chache za mwisho za kasi. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `nvidia-smi -q -d POWER` uone kiwango cha chini na cha juu kinachoruhusiwa, kisha mfano kwa 3060 `nvidia-smi -pl 125`. Umepunguza zaidi ya robo ya umeme, na kasi inashuka kwa sehemu ndogo zaidi ya hapo. Amri hiyo inafutika ukizima mashine, iweke kwenye Task Scheduler. Lenga GPU isivuke nyuzijoto 75.

Luku: tuseme wati 230 ukutani. Ni uniti 5.5 kwa siku, 166 kwa mwezi. Kwa T1, bei ya kawaida ya umeme, ambapo shilingi 10,000 inatoa uniti 28, ni kama 59,000. Kama mita yako iko D1, ile bei ya nafuu ya watumiaji wadogo, kompyuta hii peke yake inavuka uniti 75 za mwezi kabla ya tarehe 15, na ukishavuka bei ya nafuu huna. Wengi hawalioni hilo mpaka wanaponunua umeme mara ya tatu ndani ya mwezi. Kuendesha kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi tu, kwa kutumia Finish, ni theluthi ya gharama na chumba kimepoa.

Vumbi na chumvi ya pwani: puliza vichujio kila wiki tatu ukiwa umeshika mapanga ya feni yasizunguke, badilisha pesti ya joto ya 1060 kama haijawahi kuguswa tangu inunuliwe. Na UPS ziko zinazotoa wimbi la ngazi. Pawa saplai nzuri za kisasa nyingine zinazima umeme ukihamia kwenye betri ya aina hiyo. Uliza ya wimbi kamili, 1000VA. Kazi ya UPS hapa ni kuvuka mikatiko midogo. GPU kwenye Folding inahifadhi hatua kila baada ya asilimia kadhaa za kazi, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla unapoteza kipande hicho tu, kama faili halikuharibika.

Mchanga_wa_Pwani

Asanteni sana wakuu. Nimefanya ya bure kwanza: Folding GPU tu, BOINC 84, passkey, ovakloki nimetoa. GPU imetulia kwenye 96. Passkey kweli sikuwa nayo.

Kibandiko cha pawa saplai: +12V1 14A, +12V2 15A, chini pameandikwa jumla ya 12V ni wati 312. Nyaya za GPU ni moja tu ya pini 6, na muuzaji amenipa adapta ya kutoka SATA kwenda pini 8 kwa ajili ya kadi mpya. Inafaa? Na baadaye nikichukua 5700X, bodi itaipokea moja kwa moja?

MzeeWaVolti

Adapta hiyo tupa. Kiunganishi cha SATA kinabeba ampia 4.5 kwenye 12V, wati 54. Pini 8 inaruhusu kadi ivute 150. Plastiki inayeyuka, tena ukiwa umelala. Na 312 jumla ni pawa saplai ya wati 300 na kidogo iliyovaa koti la 500. Tafuta ya 550 au 650 yenye waya halisi wa pini 8, 12V moja ya ampia 45 na kuendelea, 80 Plus Bronze au Gold, na dhamana ya miaka mitano. Nyaya za pawa saplai ya zamani usizichanganye na mpya hata kama pini zinaingia. Upande wa saplai kila mtengenezaji ana mpangilio wake.

Dada_Algoriti

5700X haitawaka kwa BIOS ya zamani, kwa hiyo isasishe 2600 ikiwa bado ndani. Tafuta ukurasa wa bodi yako, orodha ya prosesa, angalia 5700X inahitaji toleo gani. Soma maelezo ya kila toleo katikati: bodi nyingine zinakutaka upitie BIOS fulani kwanza. Flashi iwe FAT32, mashine iwe kwenye UPS, na usiguse kitu mpaka iwake upya yenyewe.

Kabla ya kubadilisha prosesa, kama diski imefungwa kwa BitLocker isimamishe na uandike ufunguo wa kurejesha, maana TPM (sehemu inayotunza funguo hizo) iko ndani ya prosesa na Windows itadai ufunguo huo mara ya kwanza kuwaka. BIOS mpya pia inarudisha RAM kwenye kasi ya msingi, washa XMP tena. Halafu BOINC itaona nyuzi 16: ile 84 yako itatoa 13. Ukitaka 14 weka 88.